Utalala Wapi Leo?

Neno "soba" liliingia Kiswahili bila kupiga hodi. Ukiwa Unguja ukaulizia kijana wa nyumba fulani, unaweza kuambiwa "yuko soba," na yanaishia hapo, kila mtu ameelewa. Hayuko hospitalini, hayuko jela. Yuko kwenye nyumba ya kupanga pamoja na wenzake walioacha unga. Wanapika chungu kimoja, wanafagia kwa zamu, wanahesabu siku. Nyumba za aina hiyo zilianza Zanzibar mwaka 2009, na waliozianzisha walikuwa wenyewe wametoka kwenye uteja. Huku Nairobi sisi husema fulani "amepelekwa rihabu." Sikia tofauti. Rihabu unapelekwa, mara nyingi na familia, mara nyingi kwa siku 90. Soba unakaa.

Nimeifuata historia ya hiyo nyumba ya kukaa, na imenitoa Pwani ikanifikisha Los Angeles ya miaka ya 1970, kwa watu ambao vitabu vya historia ya ulevi huwapa mstari mmoja, wakiwa na bahati: wanaume mashoga, na wale wanaopenda wanaume na wanawake, waliokuwa wakimalizwa na chupa. Waliamua kupanga nyumba. Inasikika kama jambo dogo. Lakini walikuwa wamegundua kitu ambacho sisi hapa bado tunakizunguka. Kila mtu ana ushauri wa namna ya kuacha pombe: mchungaji anao, shangazi anao, hata mwenye baa anao. Swali gumu ni lile la saa kumi na mbili jioni, siku umetoka rihabu na begi lako mkononi, matatu zinaita abiria, na simu yako ina namba za watu uliokuwa ukilewa nao. Utalala wapi leo?

*

Tuanze na baa, maana kila kitu kilianzia huko.

Marekani ilipoondoa marufuku ya pombe mwaka 1933, kila jimbo lilijitungia sheria zake za leseni, na waliosimamia leseni wakapewa meno. Baa ingeweza kufungwa kwa kuwa "na fujo," na katika sehemu nyingi kuwepo kwa mashoga, hata wakiwa wameketi kimya na glasi zao, kulihesabiwa kuwa fujo tosha. Mwaka 1951 Mahakama ya Juu ya California iliamua, katika kesi ya baa moja ya San Francisco iliyoitwa Black Cat, kwamba huwezi kumnyang'anya mtu leseni kwa sababu tu wateja wake ni mashoga. Polisi hawakuipokea hukumu hiyo kwa vigelegele. Usiku wa kuamkia Januari 1, 1967, katika baa nyingine yenye jina lilelile, hii ikiwa mtaa wa Silver Lake huko Los Angeles, askari waliovaa kiraia walingoja saa sita igonge, wanaume wakabusiana kuukaribisha mwaka, kisha kipigo na pingu vikaanza. Wawili walitiwa hatiani kwa sababu ya busu. Februari 11 watu walisimama nje ya baa hiyo na mabango. Hii ni zaidi ya miaka miwili kabla ya Stonewall.

Kule New York, Aprili 21, 1966, wanachama wa Mattachine Society waliingia kwenye baa iitwayo Julius', wakasema wazi kwamba wao ni mashoga, wakaagiza kinywaji. Mhudumu akaifunika glasi kwa kiganja. Picha ya kiganja hicho ipo mpaka leo. Na Stonewall yenyewe, ile ya Juni 1969 inayotajwa kila mwaka, ilikuwa baa ya mafia isiyo na leseni, na vinywaji vyake vilikuwa vimezimuliwa kwa maji.

Ukizipanga tarehe hizo kwenye mstari, utaona jambo ambalo wanaosimulia kwa fahari huliruka. Historia ya ukombozi wa mashoga Marekani ni historia ya baa. Watu walipigania haki ya kunywa pamoja, na walikuwa na sababu. Baa ndiyo iliyokuwa sebule yao. Pale ndipo mtu aliitwa kwa jina lake, akapata mpenzi, akapata habari ya kazi, akalia msiba wa rafiki ambaye familia yake ilikataza mashoga kuja kaburini. Sasa fikiria umepewa sebule moja tu maishani, na kiingilio ni bia. Ukiamua kuacha bia, umeacha na sebule, na watu, na jina. Daktari anakwambia acha pombe, lakini ulichosikia wewe ni: rudi ukawe peke yako.

*

Kulikuwa na mlango mwingine. Mwaka 1935, katika mji wa Akron, Ohio, Bill Wilson, mtu wa soko la hisa, na Bob Smith, daktari wa upasuaji, wote walevi, walianzisha kile kilichokuja kuitwa Alcoholics Anonymous. Mtindo wao unajulikana hadi hapa kwetu: mduara wa viti, jina la kwanza tu, stori yako bila kuficha. Sharti la kuingia ni moja, hamu ya kuacha kunywa. Katika kitabu chake cha mwaka 1953 Wilson anasimulia kuhusu mtu aliyebisha hodi katika siku za mwanzo, akasema ana aibu nyingine mbaya kuliko ulevi, akauliza kama watamkubali. Wakubwa wakababaika. Mwishowe wakamfungulia. Miaka mingi baadaye Wilson alieleza kwamba aibu hiyo ilikuwa kupenda wanaume.

Kwa hiyo mlango ulikuwa wazi, kwenye karatasi. Lakini mduara unataka stori, na stori ya ulevi ni stori ya mapenzi, ya nani alikuacha, ya usiku gani ulilala wapi na nani. Kiingereza hakina sitara katika hili. Ukimtaja mpenzi wako, neno la kwanza tu linatangaza kama ni mwanamume au mwanamke. Kwa hiyo wanaume wengi walijifunza kutafsiri maisha yao papo hapo, wakigeuza kila mpenzi kuwa mwanamke, jioni baada ya jioni, katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya kusema kweli.

Nilipokuwa nikisoma hayo nilimkumbuka rafiki yangu mmoja, nitamwita K. K. alikaa kwenye kituo kimoja cha kurekebisha tabia nje ya Nairobi, sitakitaja. Yeye hupenda wanawake na wanaume, na ana mtoto mmoja. Kiswahili kilimsitiri kuliko Kiingereza kilivyowasitiri wale. "Yeye" wetu haina jinsia. K. aliweza kusema "aliniacha," "alinifungia mlango," "alinipigia simu nikiwa nimelewa," na asiseme uongo hata mara moja. Alisimulia kuhusu mama ya mtoto wake, akasimulia kuhusu mwanamume aliyeishi naye miaka mitatu, na wote wawili wakawa "yeye." Wiki za kwanza ilifanya kazi. Kisha jamaa mmoja kwenye mduara, si kwa ubaya, msee alikuwa anasikiliza tu vizuri, akahesabu miaka: "Ngoja. Si ulisema mama ya mtoto aliolewa zamani? Sasa huyu aliyekufungia mlango juzi ni nani?"

K. aliniambia alihisi kiti kimekuwa moto. Akasema ni dem fulani. Akamtungia jina. Kuanzia siku hiyo, anasema, aliyekuwa akipona pale alikuwa mtu mwingine, mtu wa kutunga, mwenye dem wa kutunga. Siku ya 41 alitoka getini na hakurudi. Jioni hiyo alilala kwa watu wa base yake ya zamani, maana ndio waliompokea, na wao hupokea kwa chupa.

Ndiyo maana mkutano peke yake hautoshi. Mkutano ni saa moja. Siku ina saa ishirini na nne.

*

Mashoga wa Marekani walianza kwa kujitengenezea mikutano yao, San Francisco ikiwa miongoni mwa miji ya kwanza, mwishoni mwa miaka ya 1960. Ndani ya AA kukazuka ubishi ambao utausikia hata leo: mbona mjitenge? Ulevi si ulevi? Ini linajua nani ni shoga? Mwaka 1974 mkutano mkuu wa AA ulipiga kura, wakakubali makundi hayo yaorodheshwe wazi pamoja na mengine.

Wakati huo Los Angeles walikuwa wameshavuka hatua ya mikutano. Mwaka 1971 kikundi cha wanaharakati, wakiwemo Morris Kight na Don Kilhefner, kilifungua kituo cha huduma kwa mashoga katika nyumba kuukuu kwenye barabara ya Wilshire. Moja ya kazi za kwanza walizojipa ilikuwa malazi. Vijana waliofukuzwa makwao walikuwa wakimiminika Hollywood na kulala popote. Wakapanga nyumba, wakaziita Nyumba za Ukombozi. Jina ni kubwa, lakini kazi ilikuwa ya kawaida kabisa: godoro, jikoni, zamu ya kuosha vyombo, na mtu wa kukuuliza kesho unaenda kutafuta kazi wapi.

Katika vuguvugu hilohilo, mwaka 1973, ikaanza Van Ness Recovery House, nyumba ya kupona kwa walevi na watumiaji wa dawa walio mashoga. Muda mfupi baadaye wanawake wa jiji hilo, wakiongozwa na Brenda Weathers, walipata pesa za serikali kuu kwa mpango wao wa ulevi, ukawa kituo chao wenyewe. California ya wakati ule ilikuwa na mtindo uliozifaa nyumba kama hizi. Badala ya kumtegemea daktari mwenye koti jeupe, kazi ilifanywa na waliopona. Aliyetangulia humshika mkono anayefuata, na tiba ni mpangilio wa nyumba yenyewe: kuamka, kupika, kuongea, kulala bila kulewa, kesho tena.

Hebu angalia kalenda. Chama cha madaktari wa akili wa Marekani kiliondoa ushoga kwenye orodha yake ya magonjwa Desemba 15, 1973. Bunge la California lilifuta sheria iliyoharamisha tendo lenyewe mwaka 1975, na mabadiliko yakaanza kutumika Januari 1976. Maana yake, nyumba hiyo ilipofunguliwa, wanaume walioingia walikuwa wagonjwa kwenye kitabu cha madaktari na wahalifu kwenye kitabu cha jimbo. Hawakungoja vitabu vibadilike. Walilipa kodi ya nyumba, wakaingia.

Mwaka 1975 mtafiti Lillene Fifield alitoa ripoti kuhusu ulevi miongoni mwa mashoga wa kaunti ya Los Angeles, na takwimu moja ikatoka humo ikakataa kufa: karibu theluthi moja wana tatizo la pombe. Ilinukuliwa kwa miongo. Baadaye watafiti wenzake wakaikosoa, kwa haki, kwamba wengi wa waliohojiwa walipatikana kwenye baa. Ukitafuta walevi kwenye baa, utawapata. Tafiti za baadaye zilileta hesabu za chini zaidi. Mimi hata hivyo naiona kasoro hiyo kama ushahidi wa aina nyingine. Mwaka 1975, mtafiti aliyetaka kukutana na mashoga wengi kwa pamoja, angewatafuta wapi kwingine?

*

Mwaka huohuo, upande wa pili wa nchi, kulitokea jambo ambalo halikuwahusu mashoga moja kwa moja lakini lilibadilisha hesabu ya kila nyumba ya kupona. Huko Silver Spring, Maryland, kaunti iliamua kufunga nyumba ya mpito ya walevi kwa kukosa pesa. Wakaazi, mmoja wao Paul Molloy, wakaichukua nyumba hiyo wenyewe, wakalipa kodi kwa kuchanga. Wakaiita Oxford House. Kanuni zilikuwa tatu na hazijabadilika: nyumba inaendeshwa kwa kura ya wakaazi, inajilipia gharama zake yenyewe, na anayerudia kunywa au kutumia dawa anaondoka siku hiyohiyo. Hakuna mkurugenzi, hakuna muda wa mwisho wa kukaa. Leo zipo zaidi ya 3,000.

Je, inafanya kazi, ama ni hadithi nzuri tu? Leonard Jason na wenzake wa chuo kikuu cha DePaul, Chicago, waliwachukua watu 150 waliotoka kwenye matibabu, wakawagawa kwa bahati nasibu. Nusu wakapelekwa Oxford House, nusu wakaachwa na huduma za kawaida. Baada ya miaka miwili, katika matokeo yaliyochapishwa 2006, waliokuwa wakitumia tena pombe au dawa walikuwa asilimia 31.3 upande wa nyumba, na asilimia 64.8 upande wa pili. Kutoka karibu watu wawili kati ya watatu hadi chini ya mmoja kati ya watatu. Hakuna dawa mpya hapo. Kuna kitanda, kodi ya kugawana, na watu wanaojua sauti yako ukiwa umelewa.

Kisha likaja la 1981. Juni 5 mwaka huo taarifa ya kwanza ya ugonjwa ambao baadaye tungeuita UKIMWI ilitoka Marekani, na vijana watano waliotajwa walikuwa wa Los Angeles. Nyumba za kupona zikajikuta zina mzigo mwingine. Mtu anaacha pombe, anafikisha mwaka, kisha anaanza kukonda. Wengine walikuwa wakizika wenzao wa chumba kimoja. Tatizo la zamani likarudi na sura mpya, kwamba msiba wenyewe unakurudisha kwenye baa, maana huko ndiko matanga yalikofanyika. Mwaka 1986 ikafunguliwa Pride Institute huko Eden Prairie, Minnesota, hospitali ya kulazwa kwa ajili ya mashoga na wasagaji wenye uraibu. Na baada ya pombe ikaja methi, ambayo iliingia kwenye klabu na vyumba vya kulala pamoja. Mwaka 1994 mkutano wa kwanza wa Crystal Meth Anonymous ukafanyika, na mji ni uleule, Los Angeles.

*

Kesi ninayoipenda kuliko zote katika stori hii ilitokea Edmonds, mji mdogo wa jimbo la Washington. Mwaka 1990 Oxford House ilipanga nyumba kule kwa ajili ya watu 10 hadi 12. Mji ukasema hapana. Sheria ya mipango ilitaka nyumba za eneo hilo zikaliwe na familia, na ikaeleza familia ni nini: watu wa damu moja, ndoa au kuasili, hata wakiwa hamsini, ama watu wasio na undugu, mwisho watano. Kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Mei 1995, kwa kura 6 dhidi ya 3, Jaji Ruth Bader Ginsburg akiandika uamuzi, mahakama ikasema mji hauwezi kujificha nyuma ya kanuni hiyo ili kukwepa sheria ya makazi inayokataza ubaguzi. Sheria hiyo, tangu marekebisho ya 1988, iliwalinda pia watu wanaopona uraibu, mradi wawe wameacha dawa haramu.

Wahenga wetu wangewaokoa mawakili wale gharama. Undugu ni kufaana, si kufanana. Ila tukiwa wakweli, methali hiyo tunaitumia tukitaka. Ukoo wa Kiafrika tunaousifia kwenye hotuba ndio uliomtoa K. nyumbani. Familia ilimsamehe pombe mara nne. Hilo lingine haikulisamehe hata mara moja.

Na nyumba hizi hazikuwa pepo. Kanuni ya kufukuza anayeteleza inalinda waliobaki, lakini huyo aliyefukuzwa saa tano usiku naye anauliza swali letu lilelile: atalala wapi? Kuna na suala la mapenzi. Nyumba za kupona huwatenganisha wanaume na wanawake ili watu wasikimbilie kwenye penzi jipya badala ya kupona, na mpango huo unadhani kila mwanamume anapenda mwanamke. Katika nyumba ya mashoga anayekuvutia ndiye mnayeosha naye vyombo, kwa hiyo kanuni inabidi isemwe mdomoni na kila mtu aikubali. Na wale kama K., wanaopenda pande zote mbili, mara nyingine walionekana nusu-wageni hata humo, watu wanaoweza kurudi upande wa pili wakichoka. Nyumba inayokupa nafasi ya kusema kweli inabidi iwe tayari kusikia kweli ambayo haijanyooka.

*

Turudi huku. Kenya si mgeni wa mambo haya. Malindi ilikuwa na The Omari Project tangu miaka ya 1990, unga ulipokuwa unawamaliza vijana wa Pwani. Methadoni ilianza kutolewa hospitali ya Mathari mwishoni mwa 2014. Kwa upande wa sheria, vifungu vya 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu bado vipo. Mei 24, 2019 Mahakama Kuu ilikataa kuvifuta. Februari 2023 Mahakama ya Juu ilikubali kwamba mashoga wana haki ya kusajili shirika lao. Yaani unaweza kuandikisha chama, na bado ukafungwa kwa unachofanya chumbani.

Huduma nyingi zilizowalenga wanaume hawa hapa zilikuja kupitia mlango mmoja, wa virusi. Kondomu, kupimwa, dawa za kinga. Zimeokoa maisha, sitazibeza. Lakini fomu ilitaka kujua hali ya damu yako, haikuuliza ulilewa mara ngapi wiki hii wala unalala wapi. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, vituo vingi vya aina hiyo vikafunga milango, na watu wakajua kwa ghafla kwamba sebule yao ilikuwa imekodishwa na mtu mwingine.

K. sasa ana mwaka na miezi minne bila tone. Wanakaa wanne kwenye keja ya vyumba viwili, mtaa sitautaja. Keateka anaamini ni watu wa kazi moja, na kwa namna fulani ni kweli. Renti inachangwa tarehe mbili ya kila mwezi kwa M-Pesa, mmoja ndiye mweka hazina na daftari lake lina safu ya kila mtu. Hakuna pombe ndani ya nyumba, hata ya mgeni. Ukiteleza hutupwi usiku. Unalala, asubuhi mnaongea, na watatu waliobaki wanapiga kura. Hawajawahi kusikia habari za Silver Spring. Nilipomwambia K. kwamba kanuni zao zinafanana na za watu wa 1975, alicheka, akasema hakuna siri hapo, ukishaishi na walevi unajua ni nini kitakachovunja nyumba.

Hatari yao ni ya kweli. Landilodi akishuku, wana siku chache. Jirani akipiga simu, pengine saa chache. Hawana sheria ya 1988, hawana Jaji Ginsburg. Lakini wale wa Los Angeles wa 1973 nao hawakuwa navyo. Sheria zilizokuja baadaye zilikuta nyumba zimeshajaa watu, na nadhani hiyo ndiyo sehemu ambayo wanaharakati wetu wa mahakamani na wale wetu wa misaada wangefaa kuisoma mara mbili. Jimbo lilipofika, watu walikuwa wameshajua kuosha vyombo kwa zamu.

Kwa hiyo ukiwa na rafiki wa aina hii, na uwezekano ni kwamba unaye hata kama hajakwambia, usianze na mahubiri ya pombe. Muulize anamaliza lini rihabu. Muulize kama kuna mtu anayeweza kumtaja kwa jina lake halisi bila kugeuza chochote. Jumlisha dipositi na renti ya mwezi wa kwanza, ugawanye kwa idadi ya watu mnaoaminiana, uone inatoka shilingi ngapi kila mmoja. Katika hesabu zote nilizozisoma kuhusu kuacha pombe, hiyo ndiyo ndogo kuliko zote.